Kifungua kinywa cha mkono mmoja: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 8

Hali ya kuanzia

Watoto sita, mlezi mmoja, jiko la plati mbili lenye oveni, na kifungua kinywa cha siku tano kwa wiki. Mtoto mmoja ana miezi 9, wawili wako kati ya mwaka 1 na 2, watatu wana miaka 3 hadi 5. Wa kwanza analetwa saa 12:30 asubuhi, wa mwisho saa 2:00. Chakula kinakuwa mezani saa 2:10.

Mipango mingi ya chakula cha watoto huanza na mapishi. Huu umeanza na mikono, kwa sababu kati ya saa 12:30 na saa 2:00 mlezi ana mmoja tu. Mwingine unafungua mlango, unapokea mkoba, au umebeba mtoto anayelia kwa kuwa mama ndiyo kwanza ameondoka. Kwa hiyo kila chakula kilichopendekezwa kimeulizwa swali moja kabla ya mengine: kinaweza kumaliziwa kwa mkono mmoja ndani ya dakika 10, au kukaa dakika 45 bila kuharibika? Kisichoweza hata kimoja kati ya hivyo hakiingii, kiwe na lishe kiasi gani. Mayai ya kukaanga moja moja yametoka hapo hapo. Mkate wa kuchovya kwenye yai nao umetoka, ingawa kwa huzuni.

Wiki ya 1: fomu na kisu

Kila mzazi amejaza fomu ya ukurasa mmoja. Swali la "mtoto hapendi nini" limefutwa, maana majibu yake hubadilika kila Jumatatu. Yamebaki maswali matatu: ana mzio wa nini na ukimpata hufanyaje; katika maziwa, yai, karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, ufuta na samaki, vipi ameshakula nyumbani bila tatizo; na anajilisha kwa kijiko au bado.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Chakula kinachojulikana kuleta mzio huanza nyumbani, mzazi akiwepo, ndipo kije kituoni. Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kikohozi, kupumua kwa shida. Hiyo ya kupumua ni ya kupiga simu ya dharura papo hapo, si ya kusubiri kuona itaishaje. Na mtoto mmoja akiwa na mzio wa karanga, karanga zinaondoka kwenye menyu nzima. Kumtengea kisu chake hakutoshi. Siagi ya karanga inahamia kwenye kitambaa cha meza, kwenye kitasa, kwenye vidole vya jirani yake.

Karatasi ya pili imebandikwa kwenye mlango wa friji, nayo ni ya mikato. Kinachomkaba mtoto mdogo ni kitu cha mviringo, kigumu au kinachonata, chenye ukubwa unaokaribiana na upana wa koo lake. Zabibu hukatwa vipande vinne kwa urefu, siyo kwa upana, kwa sababu kipande cha duara bado kinaziba koo kama kizibo. Tufaha bichi halitolewi vipande: linakwaruzwa, au linapikwa dakika 8 hadi 10 kwenye maji kidogo mpaka libonyee kwa uma. Karoti vivyo hivyo. Njugu nzima na bisi hazimo kabisa kwa kundi hili. Siagi ya karanga haitolewi kijikoni ikiwa donge. Inapakwa nyembamba hadi mkate uonekane chini yake, au inayeyushwa kwenye uji.

Mkate laini umeleta mshangao. Unaonekana salama kuliko chochote mezani, lakini mdomoni unageuka kinyunga kinachong'ang'ania kaakaa, na mtoto wa mwaka mmoja hajui kukitoa kwa ulimi. Ukibanikwa kidogo ukakauka, unavunjika badala ya kubandika. Sasa mkate wote unabanikwa, kisha unakatwa vipande vya upana wa vidole viwili.

Kila mtoto anakula akiwa amekaa, na mlezi naye anakaa. Mtoto anayekohoa kwa sauti bado anapitisha hewa. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza ghafla. Mtu aliyegeukia sinki hamwoni huyo.

Wiki ya 2: uji wa oti

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda. Oti zinazotumika ni zile bapa. Vipimo vya kuanzia, zikiwa kavu: gramu 15 kwa wa mwaka 1 hadi 2, gramu 25 kwa wa miaka 3 hadi 5, gramu 10 kwa wa miezi 9. Jumla ni 115, tunapima 120. Kimiminika ni mililita 700, nusu maji nusu maziwa. Chumvi hakuna, sukari hakuna.

Jaribio la kwanza: kila kitu sufuriani pamoja, moto wa wastani. Maziwa yameshika chini, halafu yamefurika mlezi alipokwenda mlangoni. Sababu ni mbili tofauti. Kushika kunatokana na protini za maziwa zinazotua kwenye chuma cha moto kabla oti hazijaanza kusogea. Kufurika kunatokana na utando wa juu kuzuia povu lisipasuke. Dawa ya kwanza ni kuanza na maji peke yake, oti zikalainika dakika 4, ndipo maziwa yaingie na moto ushushwe. Dawa ya pili ni sufuria ya lita 3 kwa uji usiofika lita moja. Inaonekana kubwa mno mpaka siku povu linapopanda.

Jaribio la pili: oti zimelowekwa kwenye maji yake usiku kucha ndani ya friji. Muda wa jikoni umeshuka kutoka dakika 9 hadi 5. Huu ndio utaratibu uliobaki.

Jaribio la tatu lilihusu kukaa. Uji ulioiva saa 1:20 ukaachwa umefunikwa hadi saa 2:10 ulikuwa umeshikamana kiasi cha mwiko kusimama wenyewe katikati. Oti haziachi kunywa maji kwa sababu moto umezimwa, na wanga wake unazidi kukaza kadiri unavyopoa. Kuongeza maji baridi kunaacha mabonge yanayoelea kwenye supu. Kinachofaa ni mililita 150 za maziwa na maji, moto, zikiingizwa kwa mafungu matatu, kila fungu likikorogwa mpaka limezwe ndipo lifuate jingine.

Njia iliyoshinda ni themosi ya mdomo mpana. Isuuzwe kwanza kwa maji yanayochemka na kuachwa nayo dakika 5, ama sivyo chuma baridi kinanyonya joto lote la uji. Uji unatiwa ukiwa mwepesi kuliko unavyotakiwa, wa kudondoka kutoka kwenye mwiko, na unafikia uzito wake ndani. Baada ya dakika 50 kipimajoto kimeonyesha bado uko juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo bakteria wanapata nafasi ya kuzaana, kwa hiyo nyuzi 60 ndiyo alama ya kuangalia, siyo mvuke.

Joto hilo hilo ni hatari mezani. Uji mzito unapoa juu na kubaki na moto katikati. Unamwagwa kwenye sahani bapa, siyo bakuli la kina, unakorogwa, na unajaribiwa kwa tone kwenye kifundo cha mkono.

Utamu unatoka kwenye ndizi iliyoiva sana, nusu kwa kila watoto wawili, ikipondwa na kuingizwa mwisho. Ikipikwa pamoja na uji tangu mwanzo inageuka kijivu, na wa miaka minne wanaiona. Siagi ya karanga ni kijiko kimoja cha chai kwa mtoto, baada ya uji wa wa miezi 9 kutengwa, kwa kuwa kwenye fomu yake karanga bado hazina alama.

Pembeni ya uji kuna tunda lenye vitamini C, chungwa au stroberi. Si pambo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka hufyonzwa kwa shida, na vitamini C ikiliwa mlo ule ule inasaidia. Chai inafanya kinyume kwa ajili ya tanini zake, ndiyo maana chai haimo, hata ile ya maziwa mengi.

Wiki ya 3: vikombe vya mayai

Mayai 8, maziwa mililita 80, jibini ya kukwaruza gramu 60, mboga zilizokatwa ndogo gramu 150. Inagawanywa kwenye trei ya vikombe 12 iliyopakwa mafuta mpaka kwenye kingo. Oveni nyuzi 180, dakika 18 hadi 20. Vinaokwa jioni, vinakaa kwenye friji siku 3, vinapashwa asubuhi wakati mlango unagongwa.

Awamu ya kwanza ilitoa vikombe vilivyolala ndani ya dimbwi la maji ya kijani. Awamu ya pili, mboga zikiwa zimekamuliwa, bado maji yalikuwepo, safari hii meupe. Ilibidi kimoja kikatwe katikati ndipo tofauti ionekane. Kama nyama ya yai ni laini na maji yana rangi, kosa ni la mboga: mchicha uchemshwe dakika moja na kukamuliwa ndani ya kitambaa mpaka uwe bonge kavu, nyanya itolewe mbegu. Kama nyama ina vishimo vishimo kama sifongo, yai limepitiliza; protini zikikaza sana zinakamua maji zilizokuwa zimeyashika. Trei itolewe pale katikati inapoacha kutikisika, ikiwa nyuzi 71 au zaidi kidogo. Joto lililobaki kwenye chuma litamalizia.

Vikombe vinavimba ndani ya oveni na kuporomoka nje. Huo ni mvuke unaotoka, hakuna cha kurekebisha.

Mayai ya kuchemsha yamewekwa kama akiba ya siku mbaya. Dakika 10 hadi 12, halafu maji baridi mara moja. Yakipitiliza, salfa ya ute na chuma cha kiini hukutana na kuacha pete ya kijani yenye harufu. Hayadhuru, ila watoto wanayakataa kwa pua kabla ya mdomo. Kiini kinapondwa na mtindi kidogo kwa wadogo, kwa kuwa kikiwa kikavu kinasakama kooni.

Wiki ya 4: maziwa na maandishi madogo ya pakiti

Maziwa: mililita 120 kwa wa mwaka 1 hadi 2, ya mafuta kamili, mililita 180 kwa wakubwa. Wa miezi 9 anabaki na ya mama au ya kopo ya watoto wachanga. Ya ng'ombe yanaingia kwenye chakula chake kilichopikwa tu, hayawi kinywaji kabla ya kutimiza mwaka.

Mara ya kwanza vikombe viliwekwa pamoja na chakula. Wadogo walikunywa vyote na kusukuma sahani. Sasa maziwa yanakuja mtoto akishakula kidogo, mililita 60 kwa mmimino, na anaongezewa. Kikombe kikimwagika, na kitamwagika, cha kufuta ni kidogo.

Sukari: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,200, asilimia 10 ni gramu 30, na asilimia 5 ni gramu 15, yaani vijiko vinne vya chai visivyojaa.

Kwenye mtindi pakiti inaweza kupotosha. Mstari wa "sukari" mara nyingi unajumlisha na ile ya asili ya maziwa, ambayo ni kama gramu 4 hadi 5 kwa kila gramu 100. Mtindi mtupu ukionyesha gramu 4.5 hauna kosa lolote. Wa matunda ukionyesha gramu 13, toa 4.5, iliyobaki nyingi ni ya kuongezwa, sawa na vijiko viwili vya chai kwa gramu 100. Tumehamia kwenye mtindi mtupu wenye tunda lililopondwa. Mabadiliko yalifanywa kwa hatua, robo ya mtupu kwenye robo tatu za ule wa tamu, kisha nusu kwa nusu, kisha wote. Kuruka moja kwa moja kulileta mgomo.

Asali haimo kwa mwenye miezi 9, hata ndani ya keki. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, zinastahimili oveni, maana ndani ya keki joto halipiti kiwango cha maji kuchemka.

Wiki ya 5: oti baridi (fupi)

Oti gramu 100, maziwa mililita 150, mtindi gramu 150, kwenye chombo kimoja chenye mfuniko, friji usiku kucha. Asubuhi maziwa kidogo ya kulegeza na tunda juu. Hakuna moto, hakuna sufuria. Kisitoke nje ya friji zaidi ya saa mbili. Zikiwa bado ngumu asubuhi, oti hizo ni zile nene zilizokatwakatwa, nunua bapa.

Wiki ya 6: pankeki na friza

Ndizi 3 kubwa, mayai 6, oti gramu 180 zilizosagwa kuwa unga, vijiko 3 vya chai vya beking pauda. Koroga, acha dakika 10 oti zinywe, pika kwa vijiko viwili vikubwa kila moja. Zinapatikana kama 36, vifungua kinywa vitatu vya nyumba nzima. Kwa wa miezi 9 inakatwa vipande virefu anavyoweza kushika kwa kiganja.

Zilizoungua nje na mbichi ndani ni za moto mkali: sukari ya ndizi inabadilika rangi haraka kuliko unga wa kawaida. Moto mdogo kuliko mazoea, geuza pale vitobo vya juu vinapobaki wazi.

Kosa kubwa lilikuwa la friza. Zilifungwa kwenye mfuko zikiwa vuguvugu, na asubuhi zilitoka bamba moja lililohitaji kisu na mikono miwili, yaani tulichokuwa tunakikimbia tangu mwanzo. Sasa zinapoa kwenye wavu, zinagandishwa zikiwa zimetandazwa kwenye trei saa moja na nusu, ndipo ziingie mfukoni na tarehe. Zinapashwa kwenye oveni nyuzi 180 dakika 6 hadi 8 bila kuyeyushwa kwanza. Maikrowevu inazifanya kama mpira.

Kuhusu masalia: kilichobaki kwenye sahani ya mtoto kinatupwa. Kilichobaki kwenye sufuria kinatandazwa kwenye chombo bapa, kinaingia friji ndani ya saa mbili, na kinaliwa kesho yake tu, kikiwa kimepashwa hadi nyuzi 75. Cha wa miezi 9 hakihifadhiwi kama kijiko chenye mate kimegusa.

Wiki ya 7: wanaokataa

Mlezi anaamua nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kipimo cha kuanzia ni vijiko viwili vikubwa vya chakula kikuu, na kuongezewa kunaruhusiwa. "Maliza sahani" haisemwi. Wala "kijiko kimoja tu kwa ajili yangu", ambayo ni ile ile kwa sauti tamu.

Chakula kipya kinawekwa kijiko kimoja cha chai, pembeni ya kitu anachokijua, bila maelezo. Watoto wengi huhitaji kukutana nacho mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali, na kulamba au kukiponda kwa kidole ni mara moja inayohesabika. Daftari lina safu ya kila mtoto na vistari. Bila vistari, mtu huapa kwamba amejaribu mara ishirini, kumbe ni nne.

Anayefika saa 12:30 alikuwa tatizo la pekee. Kumpa mkate na maziwa akifika kulimfanya akae mezani saa 2:10 bila hamu; kumnyima kulimfanya alie tangu saa 1:00. Anapata nusu ndizi na maji kabla ya saa 1:00, baada ya hapo hakuna kitu.

Wiki ya 8: ilipofikia ratiba

Jumatatu ni oti baridi, kwa kuwa Jumapili jioni haina haja ya moto. Jumanne uji wa themosi. Jumatano vikombe vya mayai na mkate uliobanikwa. Alhamisi pankeki kutoka friza na mtindi. Ijumaa maharage yaliyopondwa juu ya mkate uliobanikwa. Ya kopo yanasuuzwa maji mawili kupunguza chumvi, maganda yanaondolewa kwa wa miezi 9. Tunda kila siku, maji mezani muda wote.

Vikombe vya mayai vilikuwa Jumatatu mwanzoni. Vimehamishwa kwa sababu kuvioka Jumapili kulimaanisha mchicha wa Ijumaa, na mchicha wa siku tatu unatoa maji maradufu.

Yaliyobaki kufanyiwa kazi: maharage bado yanateleza kutoka kwenye mkate na kuishia kwenye paja, kwa hiyo wiki ijayo yatajaribiwa yakiwa yamechanganywa na jibini na kupitishwa kwenye oveni dakika 5 ili yashike. Themosi ya pili inatafutwa, ya nusu lita, kwa uji wa mtoto mchanga pekee. Na fomu za mzio zinajazwa upya mwezi ujao, maana mdogo anakaribia mwaka na orodha yake imebadilika.